Aliyetandika Haonji: Shangazi Anakabidhi Funguo za Chumba Sifuri

Ifikapo saa kumi jioni, Jumamosi ya tarehe thelathini Juni, Shangazi atakuwa ameitumikia kampuni yetu kwa miaka ishirini na tisa, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu ni yake mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "takriban miaka thelathini". Aliisoma amesimama, funguo mkononi, akalikata neno "takriban" kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: Nani amewaambia?

Kwa waalikwa ambao hawaijui kazi yetu: tunapangisha fleti zenye samani kwa muda mfupi, na wateja wetu ni makampuni. Kampuni humleta mhandisi kwa siku sitini, mkaguzi kwa thelathini, daktari bingwa kwa tisini. Mtu anashuka na sanduku moja, anakuta kitanda tayari, sufuria kabatini, intaneti inafanya kazi na taulo nne bafuni. Kazi yake ikiisha anaondoka, nasi tunaanza upya kwa ajili ya anayefuata. Ofisini kwetu kutandika ni kuandaa fleti nzima, tangu balbu hadi kijiko, na Shangazi ndiye msimamizi wa watandikaji wote. Leo tuna fleti sitini na nne katika majengo matano. Alipoajiriwa zilikuwa tisa, katika jengo moja lisilo na lifti, na mtandikaji alikuwa yeye peke yake.

Aliingia kama mfanya usafi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na binti wa miaka minne. Katika miaka mitano iliyotangulia alikuwa amehama mara saba, kwa sababu za kawaida: mwenye nyumba ameuza, mwenye nyumba anamtaka mwanawe akae hapo, mwenye nyumba amebadili mawazo. Meneja wa wakati huo alimpa chumba cha chini kabisa katika jengo la kwanza, kati ya stoo ya mashuka na pampu ya maji, akae wiki mbili huku akitafuta pa kuishi. Milango ya fleti ilianzia namba moja, kwa hiyo chumba hicho kikaitwa Sifuri. Wiki mbili hizo zinaisha Jumamosi.

Anayemtafuta Shangazi kazini hujibiwa "alikuwa hapa sasa hivi". Ni kiguu na njia. Kiti chake ofisini bado kina nailoni ya dukani mgongoni. Chai huinywa akipanda ngazi, na vikombe vyake hukutwa juu ya mita za umeme, kwenye madirisha ya varanda, na mara moja ndani ya kabati la vizima-moto. Watandikaji wapya hufundishwa mambo mawili siku ya kwanza: namna ya kukunja pembe za shuka, na namna ya kuongea na Shangazi huku mnatembea.

Mchango wake mkubwa kwa kampuni ni kuonja, na inafaa historia yake iandikwe sawasawa, maana imesimuliwa vibaya mara nyingi.

Katika mwaka wake wa tatu alikuja mhandisi wa barabara wa kukaa siku tisini katika fleti namba nne. Siku ya kwanza alipiga simu mapokezi mara kumi na moja. Hakuwa mkorofi. Kila mara aliomba radhi kwanza, kisha akauliza kitu kidogo. Kesho yake, mhandisi alipokwenda kazini, meneja alimtuma Shangazi fleti namba nne na agizo moja: akae humo kama mgeni hadi ajue kinachomsumbua mtu yule.

Alikaa saa sita. Alichemsha maji, akapiga pasi, akaoga, akaketi mezani na kujifanya anaandika ripoti. Alitoka na kasoro kumi na sita. Sufuria zilikuwa nne na vifuniko vitatu, na hakuna kifuniko kilichoenea sufuria yoyote. Waya wa pasi haukufika kwenye meza ya kupigia pasi. Kioo cha bafuni kilitundikwa kwa ajili ya mtu mrefu kuliko wote waliowahi kukaa humo. Kikapu cha kumkaribisha mgeni kilikuwa na makopo matatu ya samaki, na ndani ya fleti nzima hapakuwa na cha kufungulia kopo.

Kilichomshtua hakikuwa orodha. Fleti namba nne ilikuwa imetandikwa na yeye mwenyewe. Alikuwa ameisafisha kwa miaka miwili, akipita kando ya kila kasoro bila kuiona. Alipoulizwa imekuwaje, alitoa maelezo ambayo mpaka leo yamebandikwa kwenye mlango wa stoo: "Mkono uliotandika unajua pa kupita. Mguu wa mgeni haujui."

Ndipo ikazaliwa kanuni. Kabla mgeni hajakabidhiwa ufunguo, mfanyakazi mmoja hukaa ndani ya fleti siku nzima ya kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Anapika, anaoga, anakaa kwenye sofa si chini ya robo saa, anajilaza kitandani. Hapigiwi simu na mtu. Jioni anaandika kwenye daftari moja kati ya maneno mawili, Aingie au Asubiri, na sababu zake. Na mwonjaji hawi kamwe mtu aliyeitandika fleti hiyo. Aliyetandika haonji. Waswahili walishasema zamani kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Madaftari yamefika ishirini na sita. Mwenyewe ameonja fleti mara elfu moja mia tatu na kumi na mbili, na wenzake wanasema hizo robo saa za kwenye sofa ndizo pekee walizowahi kumwona ameketi.

Amekosea mara moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuisahau. Alionja fleti ya ghorofa ya pili jengo la tatu, akaandika Aingie, akaingia daktari bingwa wa zamu za usiku. Siku ya pili daktari alishuka mapokezi saa mbili asubuhi akiwa na kandambili na macho mekundu. Nyuma ya ukuta kulikuwa na shule, na shule ilikuwa na kengele ya chuma iliyogongwa na mtu mwenye nguvu. Shangazi alikuwa ameonja siku ya mapumziko. Alibeba sanduku la daktari kwa mkono wake hadi jengo jingine, akarudi, akaandika kwenye daftari: "Kosa langu. Shule haina sauti siku ya sikukuu." Tangu siku hiyo hakuna kuonja siku ya mapumziko, hata mgeni awe njiani.

Mwaka wa kumi na nne aliliokoa jengo la kwanza bila kupanda ngazi. Pampu ya jengo hilo iko nyuma ya ukuta wa Sifuri, na mtu yeyote ghorofani akifungua bomba, pampu huunguruma. Kwa kuisikiliza tu Shangazi hujua nani anaoga, nani anafua, na nani ameacha koki wazi. Asubuhi hiyo wageni wote walikuwa kazini na pampu ilikuwa inaunguruma. Aliita fundi bomba. Walikuta bomba limepasuka chini ya sakafu ya ghorofa ya tatu, maji yakielekea kwenye nyaya za umeme. Fundi alisema yangezifikia baada ya saa moja. Shangazi alisema dakika arobaini.

Fundi bomba huyo yuko nasi kwa miaka ishirini na mitatu, na wasifu huu hauwezi kumkwepa. Ni wa mkataba, kwa hiyo kustaafu hakumhusu; amemzidi Shangazi umri kwa miaka miwili, lakini humwita Shangazi kama sote, naye kwa kulipiza humwita "mwanangu". Hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa maji.

Kisa alichopenda kukisimulia Shangazi ni cha Mgeni wa Siku Thelathini. Alikuwa mpima ardhi, mpole, aliyekuja kwa mwezi mmoja akakaa miaka minne na miezi miwili. Kila mwisho wa mwezi alijaza fomu ya kuongeza muda, na kwenye nafasi ya sababu aliandika maneno yale yale: Nyumba haijawa tayari. Nguo zake hazikutoka kwenye sanduku hata siku moja. Shangazi alimpelekea hanga kumi na mbili za mbao, akazikuta baada ya mwaka zikiwa bado zimefungwa kamba. "Shangazi, mimi napita tu," alimwambia. Alipoondoka hatimaye, aliomba auziwe kikaango. Kwa miaka mingi kisa hiki kilichekesha kila darasa la watandikaji wapya, hasa pale Shangazi alipoiga jinsi mpima ardhi alivyofungua sanduku, akatoa soksi, akalifunga tena haraka kama mtu aliyeacha treni inamsubiri.

Desemba iliyopita Shangazi alitimiza miaka sitini. Alipaswa kustaafu tarehe thelathini na moja ya mwezi huo, na kadi za mwaliko zilikuwa zimeshachapwa. Siku kumi kabla, meneja alikuta fomu mezani pake. Ilikuwa fomu ya wageni ya kuongeza muda. Jina: Shangazi. Fleti: Sifuri. Muda unaoombwa: miezi mitatu. Sababu: Nyumba haijawa tayari.

Mapokezi walitazamana. Mmoja alinong'ona, "Mkuki kwa nguruwe," na kuambiwa anyamaze. Meneja alitia saini, na kustaafu kukaahirishwa. Machi ilikuja fomu nyingine, yenye sababu hiyo hiyo. Akatia saini tena.

Inabidi kueleza nyumba yenyewe. Shangazi alinunua kiwanja miaka kumi na minne iliyopita, nusu saa kutoka kazini, na amejenga kwa miaka kumi na miwili, chumba kimoja kimoja. Ina vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, bafu na tangi la maji juu ya paa. Binti yake, ambaye sasa ni muuguzi na mama wa watoto wawili, alipaka rangi kuta zote kwa mkono wake. Kufikia Septemba mwaka jana samani zilikuwa ndani na mapazia yametundikwa. Kilichobaki kilikuwa mwenyewe kuhamia.

Hakuhamia. Aliionja.

Oktoba alikaa humo siku nzima, kwa utaratibu wa kampuni, akaandika Asubiri na kasoro kumi na moja: swichi ya jikoni iko nyuma ya mlango, mlango wa friji unafungukia ukutani, na kadhalika. Kasoro zote zikarekebishwa. Novemba akaonja tena: Asubiri, kasoro tisa, zote mpya. Januari, saba. Machi, tano. Mei zilibaki tatu. Ya kwanza ilikuwa droo inayokwama. Ya pili, pazia la sebuleni ni fupi kwa upana wa kidole. Ya tatu iliandikwa kwa mwandiko ule ule ulionyooka: Nyumba ina kimya mno.

Binti alikuja ofisini wiki hiyo. Hakupiga kelele, ila mapokezi ni padogo.

"Mama, anayekuja kukaa humo ni wewe, au bodi ya wakurugenzi?"

"Nyumba isiyo tayari haiingiwi."

"Droo nimeitengeneza jana. Pazia nitalishusha upindo. Kimya nimwite fundi gani?"

"Usinicheke."

"Sikucheki, mama. Wajukuu wako wanauliza bibi anahamia lini, nimeishiwa majibu."

Shangazi alisema anakwenda kuangalia lifti ya jengo la pili, na akaenda. Lifti ya jengo la pili haikuwa na tatizo.

Safari hii kusubiri hakukuwezekana. Kampuni ilikuwa imenunua pampu mpya kubwa itakayohudumia majengo mawili, na mahali pake pamechorwa tangu mwaka jana: ukuta wa Sifuri unabomolewa, chumba kinakuwa cha mitambo. Wajenzi wanaanza Jumatatu, tarehe mbili Julai. Fomu ya tatu ilipofika, meneja aliirudisha bila saini, pamoja na mchoro wa wajenzi na kikaratasi: "Shangazi, ningeweza ningefanya."

Siku iliyofuata Shangazi alisimama mapokezi kama mgeni na kuulizia fleti ndogo kuliko zote katika jengo la tano. Alitaka kujua kama inapatikana kwa mwezi mmoja mmoja. Dada wa mapokezi, aliyefundishwa kazi na yeye, alifungua orodha, akaifunga, akafungua tena. Alisema atamjibu. Ilipofika saa sita jengo zima lilikuwa na habari, na watu walikuwa wanasema kwa sauti ya chini kwamba Shangazi, baada ya kuwatandikia maelfu, atamaliza uzee wake akijaza fomu ya kuongeza muda kila mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo fundi bomba alipoingia, wakati wa chai, mbele ya watu wote.

"Shangazi, nina swali la kikazi."

"Uliza huku unatembea."

"Leo nimekaa. Ile nyumba yako, kaitandika nani?"

"Mimi. Kijiko kwa kijiko."

"Na kaionja nani?"

Shangazi alikuwa anaelekea mlangoni. Alisimama. Waliokuwepo wanasema alisimama kwa muda ambao hawakuwahi kumwona amesimama.

"Mara tano," fundi akaendelea. "Mara tano umevunja kanuni yako mwenyewe. Mtandikaji wako angefanya hivyo ungempa barua."

"Kanuni ile ni ya watu wanaojipendelea, mwanangu. Mimi sijajipendelea."

"Umejidhulumu. Ni kosa lile lile, limebadili koti tu. Mganga hajigangi, Shangazi."

"Nenda kazibe mabomba yako."

Alitoka. Kikombe chake kilikutwa baadaye juu ya mashine ya kufulia, kimejaa. Lakini siku ya tatu fundi alikuta ufunguo ndani ya mfuko wa spana zake, umefungwa kwenye karatasi yenye masharti manne: avue viatu, asilale na soksi, asivute sigara hata dirishani, na asiguse kitu. Fundi alimtafuta, akamkuta ngazini. "Nisiguse kitu? Kwa hiyo nionje kwa macho?" Shangazi aliichukua karatasi, akakata sharti la nne, akairudisha.

Aliionja Jumanne ya tarehe kumi na mbili Juni. Alikaanga mayai, akafua shati, akalipiga pasi, akakaa sebuleni, akalala saa nzima akaota. Huku kazini Shangazi alikuwa kama kuku anayetaka kutaga. Dada wa mapokezi alihesabu: alipita mbele ya dawati mara thelathini na nne. Alikunja upya mashuka yaliyokuwa yamekunjwa. Mara mbili alichukua simu akaiweka, kwa sababu mwonjaji hapigiwi simu. Mara ya tatu alipiga. Fundi hakupokea. Inasemekana Shangazi alitabasamu kidogo, kwa kuwa angepokea angekuwa amefeli.

Saa kumi na moja fundi alirudi na daftari chini ya kwapa. Watu kumi na mmoja walikuwa na shughuli za ghafla mapokezi. Alilifungua, akavaa miwani bila haraka.

"Asubiri," akasoma. "Kasoro moja."

"Droo," Shangazi akasema.

"Droo ni nzima."

"Pazia, basi."

"Pazia sijui hata lina nini. Maji ya bafuni hayana nguvu. Yanadondoka kama yanaomba ruhusa. Nimejipaka sabuni saa nne, nimemaliza kuitoa saa tano kasorobo."

"Si kweli. Nimeionja mara tano."

"Na umeoga mara ngapi chini ya bomba lile?"

Sifuri haina bomba la mvua, haijawahi kuwa nalo. Kwenye fleti za wageni huoga kama mgeni, lakini kwake ameoga kwa ndoo miaka ishirini na tisa, na kwenye nyumba mpya pia, mara zote tano, alikinga maji kwenye ndoo na kuoga bila kufikiri. Kasoro kubwa kuliko zote ndani ya nyumba ile, ambayo mgeni yeyote angeigundua asubuhi ya kwanza, ilikuwa imempita.

"Mkono uliotandika..." fundi akaanza.

"Najua unavyoendelea. Niliandika mimi."

Alimpokonya daftari, akausoma ukurasa mwenyewe, akaugeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

"Na kimya?" akauliza. "Hukuandika kimya."

"Kimya nimekisikia," fundi akasema. "Nikakaa nikawaza, huyu mama anasikia nini ambacho mimi sikisikii? Nikakumbuka umelala na pampu yangu miaka ishirini na tisa. Paa lako ni la chini, tangi halisukumi. Unahitaji pampu. Na ile ya zamani ninaing'oa tarehe ishirini na tano, naweka ya kukodi mpaka mpya ifungwe; haina pa kwenda."

Ni desturi ya kampuni kumpa mstaafu saa ya ukutani. Kamati ya zawadi, yenye watu wawili, ilikaa kwa dakika nne na kubadilisha azimio. Ndiyo maana Jumamosi waalikwa hawataona sanduku lenye utepe. Zawadi ya Shangazi ina uzito wa kilo thelathini na mbili, imepakwa rangi upya ya kijani, na tangu Jumatano ya tarehe ishirini na saba imefungwa nyuma ya ukuta wa bafu lake.

Siku hiyo walikuwepo Shangazi, binti yake na fundi. Taarifa hii inatoka kwa binti. Fundi alimwambia Shangazi afungue bomba la mvua. Alifungua, na ukuta ukaunguruma. Maji yalishuka kwa nguvu, yakamrukia hadi kwenye kilemba. Hakusogea. Alifunga, pampu ikanyamaza. Alifungua tena, akafunga tena. Mara ya tatu aliegemeza kiganja ukutani.

"Inaunguruma chini kuliko ilivyokuwa kule," alisema.

"Imezeeka," fundi akajibu. "Kama mwenyewe."

"Adabu, mwanangu."

Kisha akaketi kwenye kigoda cha bafuni, amelowa, na binti anasema alikaa hapo zaidi ya robo saa, bila daftari na bila funguo. Fundi alitumia nafasi hiyo kuandika neno moja na tarehe, na kutia saini.

Alihama Alhamisi. Vitu vyake vilienea kwenye gari moja dogo, na waliokuja kusaidia waliona jambo ambalo hawakuwa wamelitarajia: katika kuta nne za Sifuri, baada ya miaka ishirini na tisa, hapakuwa na tundu la msumari hata moja. Nguo zilitoka kwenye masanduku mawili, na kwenye masanduku hayo hayo ndiko zilikokuwa zimekaa siku zote. Dada wa mapokezi alikwenda stoo, akatafuta nyuma ya mablanketi, akarudi na hanga kumi na mbili za mbao zilizofungwa kamba kuukuu. Alizipakia garini. Shangazi alizitazama, akacheka mpaka akashika mlango. Ijumaa asubuhi binti alituma ujumbe mapokezi: kamba imekatwa, na mama ameazima nyundo kwa jirani.

Msimamizi atakayempokea ameonja fleti mia mbili na hamsini, na amefanya kazi chini ya Shangazi kwa miaka tisa, muda wa kutosha kujifunza kuongea akitembea. Kanuni inabaki ilivyo, kwenye mlango ule ule wa stoo. Madaftari ishirini na sita yanabaki ofisini. La mwisho lina ukurasa wa fleti isiyo ya kampuni, na meneja ameagiza usichanwe.

Tunaomba radhi kwa waalikwa kwamba sherehe itaanza saa nane badala ya saa tano. Shangazi ana fleti mbili za kukagua Jumamosi asubuhi na amekataa kuziacha. Ufunguo wa Sifuri ataukabidhi saa kumi kamili, wala si mapema.

Shangazi, asante kwa miaka ishirini na tisa, miezi minne na siku kumi na moja. Asante kwa vifuniko vinavyoenea sufuria, kwa pasi inayofika mezani, na kwa kila mgeni aliyelala usiku wa kwanza bila kutupigia simu kwa sababu wewe ulishakaa humo kabla yake. Tunakuombea maji yenye nguvu, wajukuu wenye kelele, na uchovu wa kawaida wa mtu aliyefika kwake. Pampu ikiharibika, fundi unamjua. Daftari limeandikwa na mtu ambaye hakutandika, na limesema Aingie.

Ingia, Shangazi. Ukae.